Je, nibebe ngoma yangu Stonehenge?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Reading, Uingereza, huu mwaka wa sita. Nimekulia kwenye ngoma. Chapuo nilikuja nalo kutoka nyumbani na bado nalipiga kwenye harusi za watu wetu. Mwezi Juni wenzangu wa kazini wanakwenda kukesha Stonehenge kungoja jua lichomoze, na wameniomba nije na ngoma yangu. Mke wangu hataki hata kusikia: anasema pale ni mahali pa mizimu na watu wanaabudu jua. Wenzangu wanasema muziki umepigwa kwenye mawe yale tangu enzi za kale, ni sherehe tu. Nani mkweli? Na nikienda, nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, mkeo amegusa ukweli kwa upande mmoja, na wenzako kwa upande mwingine, ila wenzako wamechanganya tarehe. Mawe yale kutazamana na jua ni jambo la miaka 4,500. Mkesha utakaouona, pamoja na majoho meupe na ngoma zake, ni jambo la karne ya 20. Kazi yangu ni kuchunguza mambo ya kale, na kwa miaka mingi sasa nimejikita kwenye sauti: watu wa zamani walisikia nini, na walikisikilizia wapi. Stonehenge nimekesha mara tatu. Kwa hiyo swali lako limenifurahisha, nami nitalijibu kwa urefu linaostahili.

Tuanze na jua lenyewe, maana mtu aliyelelewa Tanga hana sababu ya kulifikiria. Pale nyumbani tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote ni kama dakika 35. Ndiyo maana saa ya Kiswahili inaweza kuanza hesabu yake jua linapochomoza, na ikatufaa mwaka mzima bila kurekebishwa. Ichukue saa hiyo hadi Stonehenge. Juni 21 jua linachomoza saa 10 na dakika 52 za alfajiri, linazama saa 3 na dakika 26 za usiku. Desemba, urefu wa mchana wote haufiki saa nane. Kama unaswali, shida yake unaijua: mwezi Juni hapo Reading giza halikamiliki, kwa kuwa hata usiku wa manane jua limeshuka nyuzi kama 15 tu chini ya upeo, na misikiti inalazimika kukubaliana namna ya kukadiria Isha na Alfajiri.

Kingine ni mahali jua linapotokea. Mvuvi wa Tanga anayetoka alfajiri anajua kwamba jua la Juni linachomoza upande wa kaskazini kidogo, na la Desemba upande wa kusini kidogo. Ukipima kutoka mwisho wa huku hadi mwisho wa kule unapata nyuzi 47. Stonehenge ni karibu nyuzi 80. Jua linatembea kwenye upeo mwaka mzima kama mlinzi anayezunguka boma lake: linakwenda kaskazini hadi Juni, linafika mwisho, linageuka. Kwa siku tatu nne hivi, kabla na baada ya tarehe 21, jicho haliwezi kuona tofauti yoyote. Jua linachomoza palepale kila siku, ndiyo maana Warumi waliuita wakati huo kwa neno lenye maana ya jua kusimama. Kwa mkulima ambaye baridi huweza kuua mifugo yake, kujua kwamba jua limegeuka ni habari kubwa. Sisi wa pwani habari yetu kubwa ilikuwa pepo, kaskazi na kusi, na hapo ndipo tulipoweka kalenda yetu.

Hata hivyo usidhani kwamba mwaka wa jua ni jambo geni kwetu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, unafuata hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, kwa sababu mwaka wa Hijria unazunguka na hauwezi kumwambia mkulima lini apande wala nahodha lini atweke tanga. Kule wanaume wanacharazana kwa mabua ya migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na watu wa Makunduchi ni Waislamu. Nimetaja hilo mapema ili mkeo alisikie, halafu nitarudi kwake.

Sasa mawe. Stonehenge iko kwenye uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Amesbury. Ilianza mnamo mwaka 3000 KK kama duara la mtaro na tuta la udongo, lenye upana wa mita kama 100, na ndani yake mashimo 56. Wakati huo palikuwa makaburini: watu walichoma maiti na kuzika majivu hapo. Kwa hiyo mkeo aliposema mizimu hakubahatisha.

Mawe makubwa yalisimamishwa karibu mwaka 2500 KK. Jamii yake huitwa saseni, mchanga ulioshikamana ukawa mgumu kuliko saruji, na moja kwa wastani lina uzito wa tani 25. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba mengi ya hayo yalitoka West Woods, kilomita kama 25 kaskazini. Mawe madogo, yanayoitwa mawe ya bluu, yalitoka milima ya Preseli huko Wales, kilomita zaidi ya 200. Na mwaka 2024 ikagundulika kwamba Jiwe la Madhabahu, lililolala katikati, limetoka kaskazini mashariki mwa Scotland, umbali usiopungua kilomita 750. Hebu fikiri kulitoa jiwe la tani sita Tanga hadi Mwanza, bila gurudumu wala chuma.

Ukifika tazama juu. Mawe yaliyolala juu ya nguzo ni linta, kama linta ya mlango wowote, na kila moja imefungwa kwa ulimi na tundu. Nguzo ina ulimi juu, linta ina tundu chini. Seremala yeyote wa barabara ya ishirini Tanga angekitambua kiungo hicho mara moja. Watu wale walikuwa mafundi wa mbao waliohamishia ufundi wao kwenye jiwe.

Duara zima lina mlango, na mlango unatazama kaskazini mashariki. Nje ya mlango limesimama jiwe moja kubwa, limeinama kidogo, linaitwa Jiwe la Kisigino. Ukisimama katikati alfajiri ya Juni 21, jua linachomoza karibu na jiwe hilo, upande wake wa kushoto kidogo. Mwaka 1979 lilipatikana shimo la jiwe jingine pembeni yake, kwa hiyo huenda zamani jua lilitokea kati ya mawe mawili, kama mtu anayeingia mlangoni.

Hapa ndipo napotofautiana na wenzako. Mstari unaoanzia katikati kwenda kwenye macheo ya Juni, ukiugeuza, unaelekea moja kwa moja kwenye machweo ya Desemba. Mstari ni uleule. Walikuwa wanatazama mwisho upi? Nguzo ndefu kuliko zote ziko upande wa machweo ya baridi. Barabara ya kale inayopanda kutoka mto Avon inakuingiza ukiwa na uso kuelekea kusini magharibi, yaani kwenye machweo ya Desemba, na mgongo ukiwa kwenye macheo ya Juni. Halafu kuna nguruwe. Kilomita kama tatu kutoka kwenye mawe, pale Durrington Walls, palikuwa na kijiji kikubwa cha wakati uleule, na mabaki ya karamu zake ni mifupa mingi mno ya nguruwe. Meno ya wengi wao yanaonyesha walichinjwa wakiwa na umri wa miezi tisa hivi. Nguruwe huzaa majira ya kuchipua. Hesabu miezi tisa, unafika katikati ya baridi. Kemia ya mifupa hiyo, iliyochapishwa mwaka 2019, ilionyesha kwamba wanyama hao waliletwa kutoka sehemu nyingi za kisiwa, mpaka Scotland. Kwa hiyo sikukuu kubwa, ile iliyowatoa watu mbali na mifugo yao, kwa maoni yangu ilikuwa ya Desemba. Mkesha wa Juni nao huenda ulikuwepo, ila ushahidi wa Desemba ndio wenye uzito.

Na muziki? Hili ndilo lililonifanya nikae kitako kukuandikia.

Ukienda kwenye makumbusho usidanganyike na neno ngoma. Mwaka 1889, katika kaburi la mtoto huko Folkton, kaskazini mwa Uingereza, yalipatikana magogo matatu madogo ya chokaa yaliyochongwa mistari na macho, na yakaitwa ngoma kwa umbo lake. Mwaka 2015 likapatikana jingine Burton Agnes, limezikwa pamoja na watoto watatu. Ni kazi nzuri inayonitia huzuni kila ninapoiona, lakini ni chokaa tupu, ukilipiga halilii. Ngoma za kweli, kama zilikuwepo, zilikuwa za mbao na ngozi, na udongo wa Uingereza umezila. Kilichobaki ni mfupa: katika kaburi la Wilsford, karibu kabisa na Stonehenge, ilipatikana filimbi iliyotengenezwa kwa mfupa wa ndege mkubwa. Sasa iko kwenye makumbusho ya Devizes. Ni ya karne kadhaa baada ya mawe kusimamishwa, lakini aliyeipuliza aliishi akiyaona.

Mawe yenyewe yanasema zaidi. Wahandisi wa sauti wa Chuo Kikuu cha Salford, wakiongozwa na Trevor Cox, walijenga Stonehenge ndogo, kipimo cha 1 kwa 12, yenye mawe yote 157 wanayoamini yalikuwepo mwaka 2200 KK hivi, wakaiweka ndani ya chumba kisicho na mwangwi na kupiga sauti katikati. Matokeo waliyotoa mwaka 2020 yananisisimua mpaka leo. Duara lisilo na paa, kwenye uwanda mtupu, lilihifadhi mrindimo wa sekunde 0.6, na sauti ya mtu aliye ndani iliongezeka kwa desibeli kama 4. Hiyo ni hali ya chumba kikubwa chenye kuta, wala si ya uwanjani. Mpiga ngoma unajua maana yake: chapuo likipigwa uwanjani sauti inakatika palepale, likipigwa ndani ya ukumbi mdogo kila pigo linaacha mkia unaokutana na pigo linalofuata. Na waligundua jambo la pili: sauti ya ndani haikutoka vizuri nje. Aliyesimama nyuma ya nguzo alisikia kidogo. Kwa hiyo kama palipigwa muziki, palipigiwa wachache walioruhusiwa kuingia, na umati nje haukupata mengi. Kwangu hilo linafanana zaidi na unyago kuliko na tamasha.

Kabla ya hapo, mwanamuziki na mtafiti Rupert Till wa Chuo Kikuu cha Huddersfield na mwenzake Bruno Fazenda walikwenda Maryhill, jimbo la Washington, Marekani, ambako tajiri mmoja alijenga Stonehenge kamili ya zege kuwakumbuka wanajeshi waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko hakuna jiwe lililoanguka, basi walipiga ngoma na kupima. Zege linarudisha sauti kupita jiwe, na kipimo cha Salford nakiamini zaidi, lakini wazo la kwenda kuuliza kwenye nakala wakati asili imebomoka lilikuwa zuri.

Tena kuna mawe yanayolia. Milima ya Preseli, asili ya mawe ya bluu, imejaa miamba ambayo ukiigonga inatoa sauti kama chuma au kengele. Kijiji kimoja cha huko kinaitwa Maenclochog, jina lenye maana ya mawe yanayolia kama kengele, na inaelezwa kwamba kanisa lake lilitumia mawe hayo badala ya kengele mpaka karne ya 18. Mwaka 2013 watafiti waliruhusiwa kugonga mawe ya bluu pale Stonehenge, na baadhi yaliitika ingawa mengine yametiwa zege chini. Je, yaliburutwa kilomita 200 kwa sababu yanalia? Sipendi kusema ndiyo kwa haraka. Ila mtu wa Afrika Mashariki asilishangae wazo hilo: Moru, ndani ya Serengeti, kuna mwamba unaojulikana kwa sauti yake, una vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa, na katika kisiwa cha Lolui upande wa Uganda wa Ziwa Victoria kuna miamba mingine ya namna hiyo. Wewe lakini usiguse jiwe lolote Stonehenge kwa nyundo, kijiti wala kidole cha kujaribu. Nakuomba sana.

Nataka pia ujue jina la zamani la mahali hapo. Mnamo mwaka 1136 Geoffrey wa Monmouth aliandika habari za mawe hayo kwa Kilatini na kuyaita Chorea Gigantum. Chorea ni kucheza kwa kuzunguka duara. Wafasiri wengi huhangaika na neno hilo, sisi halitusumbui: ni Ngoma ya Majitu. Neno letu moja linashika chombo, uchezaji na shughuli yenyewe. Na hadithi ya aina hiyo imeenea kisiwa kizima. Huko Cornwall kuna duara la mawe 19, wanasema ni wasichana waliocheza siku ya Jumapili wakageuzwa mawe, na mawe mawili marefu ng'ambo ya shamba ni wapiga zumari wao. Stanton Drew, karibu na Bristol, ni harusi nzima: mpigaji alikataa kuendelea ilipotimia Jumapili, bibi harusi akaapa watacheza tu hata kwa shetani, shetani akaja na fidla yake, kulipokucha wote wamekuwa mawe.

Sasa panda hadi Turkana, Kenya, njia ya Lodwar kwenda Kalokol. Kuna nguzo 19 za mawe zinazoitwa Namoratunga, watu wa mawe. Hadithi ya hapo ni kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliomcheka pepo mmoja, naye akawageuza. Kumi na tisa kwa kumi na tisa, ngoma kwa ngoma! Hakuna uhusiano wowote wa kihistoria kati ya Cornwall na Turkana, na idadi kulingana ni bahati. Ila mtu yeyote anayeona mawe yaliyosimama kwa kuzunguka anaona watu wanaocheza; jicho la binadamu ndilo lilivyo. Na si mbali na hapo, Lothagam, kando ya Ziwa Turkana, wafugaji walisimamisha nguzo juu ya makaburi ya mamia ya watu karibu miaka 5,000 iliyopita, wakati uleule mtaro wa Stonehenge ulipokuwa unachimbwa. Naumia kuona watoto wetu wanaijua Stonehenge kwa picha na Lothagam hawaijui hata kwa jina.

Haya, majoho meupe yametoka wapi? Wadruidi, makuhani waliotajwa na Julius Caesar, waliishi miaka 2,000 na zaidi baada ya mawe kusimamishwa. John Aubrey ndiye aliyewahusisha na Stonehenge, karne ya 17, na William Stukeley akakipamba kisa hicho katika kitabu cha mwaka 1740. Ni Stukeley huyohuyo aliyeona, na kuona sawasawa, kwamba mlango unaelekea kwenye macheo ya Juni. Mwaka 1905 chama kimoja cha Wadruidi wa kisasa kilifanya sherehe kubwa pale, mamia ya watu kwa ndevu za bandia. Mwaka 1915 mtu aitwaye Cecil Chubb alinunua mawe mnadani kwa pauni 6,600, na mwaka 1918 akalitoa eneo zima zawadi kwa taifa. Waliokuja baadaye kudai haki ya kuingia bure hawakusahau zawadi hiyo.

Muziki utakaoukuta una mizizi yake mwaka 1974. Kundi dogo la vijana lilipiga kambi kando ya mawe likaanzisha tamasha la bure, na kila Juni likakua, bendi za roki zikipiga usiku kucha kwa spika kubwa, mpaka mwaka 1984 walipofika makumi ya maelfu. Palikuwa na furaha ya kweli, na palikuwa na uharibifu wa kweli: dawa za kulevya, uchafu, makaburi ya kale yaliyochimbwa kwa ajili ya vyoo na oveni. Mwaka 1985 mahakama ilipiga marufuku. Juni 1 mwaka huo polisi waliuzuia msafara wa magari yaliyokuwa makazi ya watu, wakavunja vioo wanawake na watoto wakiwa ndani, na kukamata zaidi ya watu 500. Baadhi ya waliopigwa walishtaki, na mwaka 1991 wakapata fidia. Kwa miaka karibu 15 eneo lilizingirwa kila Juni. Kilichofungua njia ni kesi ya watu wachache waliokamatwa mwaka 1995 wakiwa wamesimama kwa amani ukingoni mwa barabara. Mwaka 1999 majaji wa juu kabisa waliamua kwamba kukusanyika kwa amani barabarani si lazima kuwe kosa. Mwaka 2000 milango ikafunguliwa kwa mkesha, bure. Mwaka 2025 walihudhuria watu kama 25,000.

Nakueleza haya ili ukiona mzee mwenye rasta nyeupe analia jua linapotoka, ujue si lazima awe analiabudu. Huenda alikuwepo mwaka 1985.

Kwa hiyo ukienda, mambo ni haya. Shirika la English Heritage, linalosimamia mawe hayo, hufungua uwanja kuanzia saa 1 jioni ya tarehe 20 hadi saa 2 asubuhi ya tarehe 21. Kuingia ni bure, kuegesha gari ni kwa malipo. Kwako Reading rahisi zaidi ni treni hadi Basingstoke, kisha ya Salisbury, halafu mabasi maalumu ya usiku huo. Vipaza sauti haviruhusiwi. Pombe hairuhusiwi uwanjani, wala chupa za vioo, moto, mishumaa, mbwa wa kawaida, wala mabegi makubwa na vifaa vya kulalia. Kupanda juu ya mawe ni marufuku. Masharti hutangazwa upya kila mwaka, pamoja na yanayohusu ala za muziki, basi yasome mwenyewe kabla hujafunga chapuo kwenye kitambaa.

Vaa sweta mbili. Juni ya uwanda ule si Juni ya Tanga hata kwa mbali. Upepo hauna kizuizi, umande unalowesha viatu, na ngozi ya ngoma italegea kabla ya saa 8 usiku. Moto wa kuikaza hutapata. Ifunike kwa plastiki, iweke chini ya koti, ikaze kwa joto la mwili. Mimi niliwahi kuona kijana amebeba ngoma nzuri ya ngozi ya mbuzi ikawa kama mto wa kulalia ilipofika saa 9.

Ndani ya duara utakuta ngoma za kila namna zikipigwa bila mpangilio, watu wamebanana, na miili maelfu inanyonya ule mrindimo niliousifu. Usitegemee kuusikia katikati ya kishindo. Subiri. Kati ya saa 8 na saa 9 wengi wanachoka, wanakwenda kutafuta chai. Ingia wakati huo, simama karibu na nguzo, mgongo usiliguse jiwe, upige kwa ncha za vidole tu, taratibu, pigo moja moja. Hata na nusu ya mawe yaliyobaki utasikia jiwe linakujibu.

Jua likikaribia, jitoe katikati. Waliobanana ndani huona migongo ya wenzao. Nenda upande wa kusini magharibi, nje kidogo, ili mlango na Jiwe la Kisigino viwe mbele yako. Na ujiandae kwamba mara nyingi kuna mawingu, na jua halionekani kabisa. Watu hushangilia saa inapotimia hata hivyo.

Kuhusu mkeo. Mimi si sheikh, na fatwa si kazi yangu. Hilo ulizeni mnayemwamini. Naweza kukupa hali halisi. Wapo pale watu ambao kwao ni ibada, wana dua zao na duara lao, na ukiwaona usiingize ngoma yako humo bila kuitwa, kama ambavyo usingeingiza ngoma kwenye maulidi ya watu. Wengi zaidi ni familia, wanafunzi na watalii, na hakuna atakayekutaka useme au uiname. Anayesimama kutazama macheo ametazama macheo.

Kama bado moyo wake haujatulia, usimburute. Mawe hufunguliwa pia asubuhi ya kuzunguka Desemba 21 au 22, jua linapochomoza baada ya saa 2 asubuhi, watu wachache, hakuna kukesha. Mpeleke siku hiyo, bila chapuo. Kaeni mpaka zamu ya asubuhi iishe, mle Salisbury, kisha mrudi kwenye njia ya wazi iliyo nje ya uzio kabla ya saa 10 jioni, msimame upande wa Jiwe la Kisigino mkitazama kusini magharibi. Hapo jua litazama nyuma ya nguzo ndefu, na nadhani ndilo jua ambalo mawe yale yalijengewa.